Ubeti wa Mzee Nkwabi

—na marehemu ndiye anayechinja, Atupele! Ng'ombe wa msiba wake mwenyewe! Ngoja niheme, nimekuja kuazima sufuria kubwa.

Mzee Nkwabi si unamjua, yule mfugaji wa bondeni aliyepigana vita vya Kagera? Kila Siku ya Mashujaa anakaa mbele na medali, anasikiliza mashairi ya waliokufa. Wiki jana akanifuata shuleni.

"Mwalimu, sisi tuliorudi hatuna hata mstari. Niue."

"Nikuue, babu?"

"Kwenye shairi. Ubeti mmoja tu, niusikie nikiwa na masikio."

Na masharti, shoga! Risasi isiingilie mgongoni. Asife kwa kuhara. Basi nikamuua vizuri: alfajiri, kifuani, bendera mkononi, anatabasamu.

"Hivi kuna uliyemwona akifa anatabasamu, babu?"

"Hakuna. Ila weka."

Leo nimeghani hapa Chitete. Mgeni rasmi, hamjui mtu huku, akafuta machozi, akaomba tusimame kimya kumkumbuka marehemu Nkwabi. Nkwabi naye kasimama, kofia kifuani, analia kuliko wote!

Balaa ni spika. Zilisikika mpaka sokoni. Wanawake kusikia jina, wakaangua kilio, wakamkokota mkewe, Nyanzobe, kutoka kwenye viazi vyake. Wanafika uwanjani na kuni na unga kichwani, marehemu anapiga makofi.

"Baba Sadock! Umekufa saa ngapi? Asubuhi si umeniagiza tumbaku?"

"Tulia kwanza, usikie ubeti wangu."

Sasa unajua kwetu, kilio kikishapigwa na kuni zikatoka, huzirudishi nyumbani, ni mkosi. Msiba ukahamia kwake. Wazee wanamsifu, yeye kakaa katikati yao anaitikia, "Kweli kabisa, ndivyo alivyokuwa." Mmoja akajisahau, akamshika mkono akampa pole!

Nyanzobe akachoka. "We maiti, ukimaliza kusifiwa, kachinje. Na ujue mimi silali na mfu. Mwalimu akufufue kwenye shairi hilohilo, mbele za watu, au ukalale na ng'ombe."

Atupele, kaduwaa na kisu mkononi! Akifufuka, ubeti hana tena. Nimemwacha anaangalia mlango wa nyumba, anaangalia zizi, anauliza kama zizini kuna baridi.

Lete sufuria bwana, wananisubiri nisonge ugali. Alikolala nitakwambia kesho nikiirudisha.