Kibali cha Mwisho

Anwar alikuwa na cheti cha kompyuta cha miezi mitatu na dada aliyeolewa na mwenye stoo. Hicho cha pili ndicho kilichomfikisha Manzese. Cheti alikibandika ukutani siku ya kwanza, juu ya meza ya Zuena, bila hata kuuliza meza ni ya nani.

Zuena alimchukia tangu siku hiyo, wala hakujisumbua kuificha chuki yake. Kwa miaka miwili alikuwa peke yake mbele ya kompyuta, katika stoo ya vipuri vya magari ya Bwana Muntasir, kando ya Barabara ya Morogoro. Milango ya biashara ilipofunguliwa na makontena ya Dubai yakaanza kumiminika, Muntasir alinunua kompyuta moja na programu moja kwa fundi wa Nairobi, ambaye baadaye alihamia Kanada na asijulikane yuko mji gani. Programu ilijua vipuri elfu nne: kila kimoja kiko rafu gani na vimebaki vingapi. Zuena ndiye aliyeviingiza, kimoja baada ya kingine, mpaka macho yakawa yanamtoka machozi.

Na sasa Muntasir alikuwa ameshatamka kwamba mashine moja haihitaji watu wawili. Mwisho wa mwezi angebaki mmoja. Mume wa Zuena alikuwa amepunguzwa kazi kiwanda cha nguo, na kule Tandika watu watano walikula kwa mkono wake. Kutolewa na kijana anayenukia marashi kuliko bibi harusi, hilo asingelimeza.

Jumanne karibu na adhuhuri Anwar alitaka kuweka mchezo wa ndege za kivita. Nafasi ikawa ndogo, akafuta kitu kilichoonekana kikubwa. Kitu hicho kilikuwa programu ya stoo. Orodha ya vipuri ilibaki ndani ya mashine, lakini bila programu haikufunguka.

"Ishu ndogo hiyo," alisema, huku wateja wameanza kupaza sauti kaunta. "Naipandisha tena sasa hivi."

Akachomeka disketi ya kwanza kati ya sita. Maneno ya Kiingereza yakajaa kwenye kioo, naye akayapita kwa kidole kimoja bila kuyasoma. Zuena, aliyesimama nyuma yake, aliyasoma yote. Yalisema kwamba disketi ile ilikuja na vibali vitatu vya kuipandisha programu, kwamba kila ukianza unakula kibali kimoja, ufike usifike, na kwamba sasa vimebaki viwili. Cha kwanza alikitumia yule fundi wa Nairobi. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na Anwar kitanda hiki hakuwahi hata kukitandika.

Kwenye disketi ya nne mashine ikagoma. Akazitoa disketi, akazipuliza, akaipiga mashine kofi la ubavu. Muntasir aliingia akitokea msikitini, kofia mkononi, uso umekunjamana.

"Nini tena?"

"Disketi mbovu, shemeji. Zimetunzwa vibaya," Anwar alisema, akamtupia Zuena jicho.

"Disketi ni nzima," Zuena alijibu. "Nafasi imejaa. Aufute kwanza mchezo wake wa ndege, halafu programu itaingia."

Fundi mmoja wa gereji aliyekuwa anasubiri kaunta aliangua kicheko. Anwar akawiva masikio.

"We mama, hii si mashine ya taipu. Mie nimesomea. Kaa pembeni."

"Umesomea kufuta?"

"Basi," Muntasir alikata. Alikuwa mtu asiyependa kuchekewa mbele ya wateja, na jamaa ya mkewe ilipochekwa alijiona anachekwa yeye. "Bi Zuena, kelele zako zimenichosha. Mpaka kazi hii iishe sitaki kusikia sauti yako. Nataka kumsikia Anwar tu. Umenielewa?"

"Nimekuelewa."

Muntasir akaenda kaunta kuwatuliza watu. Anwar aliufuta mchezo kimyakimya, kama vile wazo lilikuwa lake, akaichomeka tena disketi ya kwanza. Kioo kikasema kimebaki kibali kimoja. Kidole chake kikawa tayari juu ya kitufe.

Zuena akatazama saa ya ukutani. Saa saba na robo. Kuipandisha programu yote kulichukua saa nzima. Wiki ile zamu ya mgao wa umeme Manzese ilikuwa kuanzia saa nane mchana hadi usiku, na jenereta lilikuwa limepelekwa kutengenezwa. Ratiba aliinakili yeye mwenyewe gazetini na kuibandika nyuma ya mlango, mahali ambapo Anwar alikuwa anatundika koti lake. Kijana huyo alikaa Upanga, zamu za Manzese zilimhusu nini?

Neno moja tu lingetosha. Subiri kesho asubuhi. Lilimfika ulimini, akalimeza. Aliambiwa anyamaze, alijiambia, na yeye ananyamaza. Lakini haikuwa utii, na alilijua hilo vizuri. Alitaka kumwona anaanguka. Alikitaka kitu hicho kwa hamu iliyomtisha.

Anwar akabonyeza. Zuena akavuta kiti, akakaa, akaikunja mikono.

Disketi ya pili ikapita, ya tatu, ya nne. Ya tano ilipopita, Anwar alianza kupiga mluzi. Saa nane kasoro dakika moja alichomeka ya sita. Feni ya darini ikapunguza mwendo, ikasimama, na kioo kikazimika.

Muntasir alirudi mbio. "Ukirudi umeme tutaanza upya," Anwar alisema.

"Hutaanza," Zuena alisema. Akaeleza habari ya vibali, taratibu, akilifurahia kila neno.

Muntasir alimsikiliza mpaka mwisho. "Ulijua umeme unakatika saa nane?"

"Nilijua."

"Na ulijua hicho ni cha mwisho?"

"Nilijua. Wewe uliniambia ninyamaze."

Akangoja ghadhabu imshukie Anwar. Muntasir hakumtazama kabisa shemeji yake.

"Kesho tunarudi kwenye madaftari," alisema kwa sauti ya chini. "Anwar ataandika, atahesabu rafu moja moja hata mwaka mzima. Huyu ni mjinga, lakini mjinga namwona. Wewe nilikuweka kwa ajili ya kompyuta, na kompyuta sina tena."

"Hata daftari naweza kuandika," Zuena alisema. Sauti ilimtoka nyembamba, akaichukia. "Vipuri vyote ninavyo kichwani, Bwana Muntasir. Nani mwingine anavijua?"

"Hakuna," Muntasir alisema. "Ndiyo maana naogopa. Umekaa kwenye kiti karibu saa nzima unaitazama mali yangu inaungua, na maji unayo mkononi."

Zuena akaenda nyuma ya mlango, akalisogeza koti la Anwar, akaibandua ratiba yake ya umeme.