Meza ya Mkwe

...yote, nusu, au kijiko tu, binti anauliza tena, na Ciakuthii anajifanya hasikii, maana uziwi wa uzeeni una faida zake, binti anaitwa Makandi, amesema ametumwa kuangalia wazee wa kituo hiki wanakula nini na wanabakisha nini, msichana mzuri, mikono laini, jembe hailijui, na jana ulikuwa mukimo, mukimo wa ndizi za Mitunguu zilizopondwa, harufu yake ilitaka kumliza, akaubonyezabonyeza ukarudi jikoni ulivyokuja, lakini utamwambiaje mtoto wa siku hizi kwamba mama hafungui kinywa kula mbele ya mume wa binti yake, kwao hiyo ni nthoni, heshima ya wakwe, na Munyi, mkwe wake, alipoletwa hapa walimkalisha meza hii hii, ana kwa ana naye, hawakujua, wangejuaje, wazee kwao ni wazee tu... alivua kofia, akainama, akasema "Mama," basi, na neno hilo Ciakuthii hakuwa amelisikia tangu binti yake Kawira azikwe, hapa yeye ni Cucu, bibi wa kila mtu, Cucu amka, Cucu meza dawa, na akisema ukweli watamhamishia Munyi jengo lile lingine, na kile kikohozi atakisikia wapi, kikohozi cha kule Manyatta, Munyi akija kumchumbia Kawira alikohoa nje ya ua ili mama mkwe apate kujificha, naye akajificha, nyuma ya ghala, Kawira akacheka hadi akamwaga uji, nani mwingine duniani anakumbuka kicheko kile, hakuna, ni huyu tu, bora njaa, njaa anaijua, ile ya mwaka wa mahindi ya manjano ya msaada aliishinda... "Cucu, ukikataa kusema watakupeleka wodi ya wagonjwa," Makandi anasema kwa upole, kisha anamgeukia muuguzi, wananong'ona, hao nao wameuamini uziwi wake, muuguzi anasema, "Hata huyo mzee wa meza yake hali kitu, suruali anafunga na kamba siku hizi"... nani, Munyi, Munyi hali? hajui, hajamtazama, heshima ni kutotazama, amekuwa akingoja kikohozi tu, na kijiko je, kijiko cha Munyi kugonga sahani hajawahi kukisikia, hata mara moja, ee Mungu, kumbe Munyi naye anamwonea haya, mume wa mtoto wake anakonda mbele yake kwa adabu, na yeye ameketi hapo akijipongeza kwa kuvumilia, Kawira angesema nini, Mama, umemnyima mume wangu chakula... basi wamgeuzie yeye kiti, kitazame ukuta, na Munyi wamgeuzie chake upande wa pili, mgongo kwa mgongo watakula wote wawili, na kikohozi kitamfikia hata akiwa ameangalia ukuta, yote, nusu, au kijiko tu, kalamu ya Makandi bado inangoja, na Ciakuthii anatafuta, kwa Kiswahili chake cha sokoni, namna ya kumweleza kwamba kumpa mtu mgongo si kumchukia.