Gitaa la Mzee Mseti Lilivyofunguliwa

Hakuna fundi anayefungua kazi ya fundi mwenzake bila kuisimanga kwanza. Ndiyo desturi yao, na anayeikiuka huonekana mgeni kazini. Dullah wa Turwa, pale mjini, aliyetengeneza redio na spika kwa miaka ishirini na miwili, alikuwa bingwa wa masimango hayo. Mteja akiketi tu kwenye benchi lake, kabla hajaeleza shida, Dullah angeshika bisibisi na kuuliza, "Nani alikuharibia hii?" Wateja walicheka, naye alipenda wacheke.

Ndivyo alivyomuuliza Mzee Mseti, mkulima wa Nyarero, Jumatano ile alipoleta gitaa la umeme ndani ya gunia la mahindi.

"Linanguruma, mura," mzee alisema baada ya kuitikia shikamoo, akimwita kijana kwa Kikurya. "Jumamosi tunafanya ibada ya kumbukumbu ya mwanangu, mwaka umetimia. Nataka nilipige pale. Ondoa ngurumo tu, mengine yaache."

Dullah alifungua kifuniko cha nyuma. Ngurumo aliiona papo hapo: waya wa ethi, ule unaomeza kelele za umeme, ulikuwa umekatika, kazi ya dakika tano. Lakini macho yake hayakuishia hapo. Risasi ya kulehemu ilikuwa imedondoshwa mabonge mabonge, nyaya zenyewe zilitolewa kwenye chaja za simu. Gitaa lilikuwa na pikapu mbili, zile sumaku za chini ya nyuzi zinazonasa sauti, na moja ilikuwa imefungwa kinyume: waya wa kwenda umekaa pa kurudi.

"Huyu fundi alikuwa amelala?" Dullah alicheka hadi muuza nyanya wa jirani akageuka. "Hata mtoto wa darasa la pili hafungi hivi. Nani huyu, mzee?"

Mzee Mseti aliangalia viatu vyake. "Kijana mmoja tu," alisema.

Fundi mwenye akili zake angeunga ethi, akafunga kifuniko, akanywa chai. Dullah hakuweza. Kosa likipita mkononi mwake bila kunyooshwa lilimwasha kama upupu. Baada ya mzee kuondoka alizing'oa nyaya zote akazitupa, akafunga mpya, akaigeuza ile pikapu ikakaa inavyotakiwa. Alhamisi gitaa likatoa sauti nene, tulivu, ya kistaarabu. Mzee alipokuja alipiga nyuzi mbili tatu, akasimama kidogo, akasema asante na kulirudisha guniani. Dullah alidhani amezidiwa na uzuri wa kazi, akajisifu kimoyomoyo siku nzima.

Ijumaa asubuhi alikuja mwanamke mwenye kanga ya msiba.

"Mimi ni Wegesa, binti wa Mzee Mseti," alisema baada ya salamu. "Tata hajala tangu jana. Amelipakata lile gitaa, hasemi kitu. Ulifanya nini mle ndani?"

Dullah akaanza kueleza makosa aliyoyakuta. Wegesa alimwacha amalize.

"Aliyefunga zile nyaya ni kaka yangu Nyamhanga," alisema. "Ndiye tunayemkumbuka kesho. Tata alikulia kwenye litungu la babu, ile ala yetu ya nyuzi, likaungua na nyumba. Kanisa lilipompa gitaa akalalamika kwamba lina sauti ya mgeni. Nyamhanga akajifungia na nyaya zake wiki mbili. Alipotoka, ukiwasha pikapu zote mbili, lilikuwa linaongea kama litungu."

Dullah alielewa palepale, na kuelewa huko kulimuuma. Pikapu mbili zikipingana, ile sauti nene hufa, hubaki nyembamba, kavu, ya puani. Haikuwa kosa. Kijana alikuwa ameitafuta sauti hiyo hadi akaipata.

Alifunga kibanda, akabeba sanduku la vifaa, akapanda bodaboda na Wegesa hadi Nyarero. Mzee Mseti alikuwa barazani. Dullah hakutafuta maneno matamu. Alichomeka chuma cha kulehemu, akaigeuza tena pikapu, akampa gitaa. Mzee akapiga. Sauti ya litungu ikatoka, ikikwaruza, na Wegesa akageukia ukutani.

"Imerudi," mzee alisema. "Lakini zile nyaya alizoshika yeye?"

"Nilizitupa, mzee. Zimekwenda na taka za soko. Nisamehe."

Maji yalikwisha kumwagika, na wote wawili walijua.

"Kosa ni langu pia," mzee alisema. "Alikuwa anaona haya. Aliniambia, tata, usimpelekee fundi wa mjini, atanicheka. Nikamwahidi hakuna atakayemcheka. Halafu nikakaa pale kwako, ukacheka, nami nikashindwa hata kusema ni mwanangu."

Dullah alijisikia mdogo kuliko bisibisi aliyoishika. "Mzee, nilicheka kwa sababu sikujua," alisema. "Miaka yote hii sijawahi kuwaza kitu kama alichofanya yeye."

"Basi kesho uje uyaseme hayo. Wayasikie watu."

Jumamosi, padri alipouliza nani ana neno juu ya marehemu, Dullah alisimama na kofia yake ya msikitini katikati ya turubai.

"Naitwa Dullah, fundi wa Turwa," alisema. "Nyamhanga sikumjua. Niliifungua kazi yake nikaicheka mbele ya baba yake, na nikaiharibu. Nimekuja kukiri kwamba aliyekuwa hajui ni mimi. Yule kijana alikuwa fundi."

Akakaa. Mzee Mseti akawasha pikapu zote mbili. Kabla ya kupiga, aliigeukia picha ya mwanawe mezani, akaiambia kwa Kikurya, kwa sauti ya kawaida ya baba anayempa mtoto habari, kwamba fundi wa mjini ameiona kazi yake.