Anayesikia Penye Kelele

Hakuwa na saa, hakuwa na viatu vya kubadilisha, hakuwa na ndugu mwenye cheo, na kwa miaka mitatu hakuwa na masikio ya nyumbani. Ya kazini alikuwa nayo. Kwenye ukumbi wa kufumia nguo, mitambo sitini ikipiga kwa pamoja, wenzake walisomana midomo. Yeye alisikia maneno. Ndiyo maana wakamwita Antena. Akirudi kwake, kitinda mimba wake humwita mara nne ndipo ageuke, na mumewe alishaamua kwamba ni kiburi.

Asubuhi hiyo alimpelekea mkuu wa utumishi fomu ya zahanati. Muuguzi wa masikio alikuwa amempima kwa chuma kinachovuma. Kilipowekwa mbele ya sikio kilififia. Kilipogusishwa kwenye mfupa wa nyuma ya sikio kilivuma vizuri, hata akacheka. Muuguzi akamweleza kwamba ndani ya sikio mna mfupa mdogo kuliko punje ya mchele, na wake umekakamaa kama bawaba yenye kutu. Ni ugonjwa usio wa kawaida sana. Mara nyingi huandama ukoo, na pengine mimba huuzidisha. Wenye nao huweza kusikia afadhali penye kelele kuliko penye kimya. Antena alimkumbuka marehemu mama yake, aliyeitwa mkaidi mpaka anazikwa. Akauliza maswali mpaka foleni ikanung'unika: mfupa huo hubadilishwaje? Mbona sikio la kushoto limetangulia? Tiba ni upasuaji au kifaa cha kusikia, na bima ya kiwanda ingelipa, mwajiri akitia saini.

Mkuu wa utumishi hakutia. Msimamizi wa ukumbi alishamwarifu kwamba huyu mama anasikia kuliko wote. Kiwanda kilikuwa na kipimo chake: mfanyakazi anageukia ukuta, mkuu anasimama hatua sita nyuma yake na kusoma tarakimu kumi. Ofisini mlikuwa kimya. Antena alipata mbili.

Wakaenda ukumbini, msimamizi akaungana nao. Akasimamishwa mbele ya mtambo wake, akawapa mgongo. Mkuu akasoma tarakimu nyingine kumi. Antena akazirudia zote, kisha akasema, "Na msimamizi amekwambia mimi mwongo tangu tumboni mwa mama yangu."

Wafumaji wa jirani walimsoma midomo, wakainamia nyuzi zao kuficha kicheko.

"Umejinasa mwenyewe, mama," alisema mkuu.

"Huku unapaza sauti, bosi. Kila mtu hupaza bila kujijua. Na hizi kelele zenyewe kwangu zinafika kidogo."

"Mimi nimesema kawaida tu," alijibu mkuu, kwa sauti ya mtu anayenadi mitumba.

Akaandika papo hapo: ofisini mbili kati ya kumi, ukumbini kumi kati ya kumi, hatua sita kote. Chini akamalizia kwamba mfanyakazi anajifanya kiziwi, na Ijumaa kamati ya nidhamu iamue kumfukuza. Antena aliisoma karatasi taratibu, kidole kikifuata mistari. Akaomba nakala yenye mhuri.

"Chukua hata mbili," alisema mkuu.

Jioni mumewe aliisoma nakala, akairudia. Aliwasha redio mpaka mwisho, akasimama mlangoni, akamwita mkewe aliyekuwa ameinamia jiko. Mke akaitika. Mume akaizima redio, akamwita tena kwa sauti ya kila siku. Mwanamke akaendelea kukoroga chungu. Mume akaenda kukaa mbele yake.

"Miaka mitatu nimekununia bure, mke wangu," alisema, na safari hii alikumbuka kupaza.

Baada ya kula Antena aliandika barua kwa daktari mkuu wa bima. Hakulalamika. Alieleza mfupa, mama yake, chuma cha muuguzi, kisha akaandika: "Vipimo hivi vimechukuliwa na mkuu wangu mwenyewe, kwa nia ya kunishtaki. Naomba visomwe na mtu anayejua masikio."

Ilikuwa Jumanne. Jibu lisingewahi Ijumaa, na yeye alilijua hilo. Aliingiza nakala ndani ya bahasha, akailamba gundi, akaikandamiza kwa dole gumba mpaka kona zote zikashika. Akavaa viatu, akatembea hadi kwenye sanduku la posta, akaitumbukiza.