Kikohozi cha Mashua ya Alfhild

Siku ya msaragambo wa kupandisha mashua, mwezi wa Oktoba, kisiwa kizima cha Lökholm hushuka ufukweni. Mashua huvutwa nchi kavu moja baada ya nyingine, kisha watu hunywa supu ya njegere ghalani. Mwaka huo Runar alikuwa amefariki, na desturi ya pale ni kwamba mashua ya marehemu huandaliwa na ndugu yake kwa ajili ya majira ya baridi. Ndugu yake alikuwa Sixten. Alimwaga maji ya injini, akafungua kizibo cha chini, akaiegemeza kwa magogo, kazi safi kabisa. Halafu akachukua turubai nene la Runar, lile ambalo mjane wake Alfhild alilitia kiraka chekundu, akafunika mashua yake mwenyewe, ambayo ilikuwa mpya. Ile ya Runar, ambayo sasa ilikuwa ya Alfhild, akaifunika nailoni na kuipigilia misumari ukingoni kote, bila kuacha hata tundu la upepo. Alijiambia ni baridi moja tu.

Kabla ya Krismasi mashua ya Alfhild ikaanza kukohoa.

Kilikuwa kikohozi cha kifua, kizito, kikisikika mpaka dukani. Mchungaji alikuwa akingoja kipite ndipo aendelee na mahubiri. Barafu ilipokomaa, muuguzi alivuka kutoka bara, akaweka chombo chake cha kusikilizia kwenye mbao za ubavuni, akainamisha kichwa.

"Inakosa hewa," alisema. "Inaoza kwa ndani. Itafutieni turubai. Mkiitoboa nailoni hii, theluji itaijaza. Nani kaifunga hivi?"

Watu wakatazama viatu vyao. Hakuna ambaye hakuwa amekiona kile kiraka chekundu. Sixten naye akatazama viatu vyake, uso ukimwaka kwa aibu katikati ya baridi ile.

"Mbona yako haikohoi, bwana?" jirani yake Valter akamchokoza walipokuwa wakirudi. "Inakoroma tu kama bwana harusi."

"Ni mpya."

"Eeh. Na blanketi imepata."

Bila mashua Alfhild asingeweza kutega nyavu. Ingebidi ahamie mjini kwa binti yake, ghorofa ya nne, na alikwisha sema kwamba huko atakufa. Sixten alilijua hilo, na usingizi ukamkimbia. Asubuhi moja akashuka ufukweni, akaanza kufungua kamba za turubai. Alikuwa amefungua upande mmoja mzima Alfhild alipotokea na sufuria ya asali iliyochemshwa na lami ya msonobari.

"Shemeji, umewahi leo."

"Nakaza kamba," Sixten akasema. "Upepo ulizilegeza."

Alfhild alikitazama kile kiraka, mshono wake mwenyewe, kisha akageuza macho upesi, kama mtu aliyemkuta mwenzake bafuni.

"Runar angekushukuru," alisema. "Mimi nina nani mwingine wa kunishushia mashua majini?"

Sixten angeweza kusema wakati ule. Neno lilifika mpaka kwenye meno. Lakini kulivua turubai mbele yake kungekuwa kukiri, na alijionea haya kuliko alivyomwonea mjane huruma. Akazifunga kamba zote tena, fundo kwa fundo, naye Alfhild akimshikia ncha.

Baadaye Alfhild aliipaka mashua yake ile dawa, akafuta mikono kwenye aproni.

"Hebu kaa nayo kidogo nikalete nyingine jikoni. Ishike hapa."

Sixten akaweka kiganja ubavuni. Mashua ikakohoa, ikanyamaza, ikaujua mkono wa ndugu wa Runar. Ikamlalia taratibu kwa uzito wake wote, pumzi ikatulia.

"Unaona?" Alfhild alisema aliporudi. "Kwako inalala. Uje na kesho, shemeji."

Alikuja kesho yake, na keshokutwa, na majira yote ya baridi, na kila alipokuja mbao zilikuwa zimezidi kulainika chini ya kiganja chake.