Mkono Uliostaafu

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, dobi wa hospitali aliingia kwenye kizimba cha lango la wafanyakazi, akaweka mkono wa kulia kwenye kisomeo kama alivyofanya kila siku tangu wafanyakazi wapandikizwe chipu ya utambulisho chini ya ngozi, na lango likamwambia kwamba amestaafu.

Halikumfokea. Kioo kiliandika kwa heshima zote: ASANTE KWA UTUMISHI WAKO. TUNAKUTAKIA MAPUMZIKO MEMA.

"Shikamoo, bibi," alisema mlinzi.

"Shikamoo ya nini? Nina miaka thelathini na minne! Fungua, bwana, mashuka ya wodi ya wazazi yananingoja."

"Sifungui kitu, dada. Siku hizi mimi ni pambo."

Ilikuwa kweli. Zamani mlinzi alifungua kwa ufunguo na kwa kujuana. Sasa anayegusa kisomeo husukumwa ndani na vyuma vya lango, mmoja mmoja, kama kuku wanaoingia bandani. Na asiyesomwa kabla ya saa sita mchana huhesabiwa ameacha kazi kwa hiari yake. Hiari hiyo mtu huandikiwa.

Dobi huyo, ambaye wenzake walimwita Mama Povu, alipangusa mkono kwenye gauni, akajaribu tena. Akajaribu kwa kulishtukiza lango. Mapumziko mema, likasisitiza. Foleni ikaanza kunung'unika, akatoka mbio hadi ofisi ya mfumo wa utambulisho, nje ya lango, ambayo ilifunguliwa saa tatu kwa mujibu wa tangazo na saa nne kwa mujibu wa ofisa.

Ofisa, kijana mpole mwenye tai, aliusoma mkono wake kwa mashine, akamtazama usoni, akausoma tena.

"Mama, wewe ni mpishi. Miaka sitini. Umestaafu Ijumaa."

Akaelewa. Siku ya kupandikizwa walipangwa kwa namba, marufuku kutaja majina, maana majina huchelewesha foleni. Nyuma yake alisimama mpishi wa jikoni, na uji wa wagonjwa ulikuwa motoni. Mama Povu akampisha, kwa adabu, kwa kuwa ni mtu mzima. Muuguzi naye akadunga kwa mpangilio wa sindano kwenye sinia, ya dobi kwanza. Kwa miezi saba kila mmoja alitembea na mwenzake ndani ya ngozi, na lango, lililokuwa likiwasha taa ya kijani tu, halikuona kasoro. Adabu ikawaponza.

"Basi tubadilishieni."

"Inawezekana kabisa. Unajaza fomu, daktari anaitoa chipu baada ya wiki tisa."

"Na saa sita ya leo?"

"Hiyo iko palepale."

"Mwanangu, juzi si nilikutolea doa la damu kwenye shati lako jeupe? Waambie ni mimi."

"Mimi nakujua, mama. Mfumo ndio haukujui. Kwanza thibitisha wewe ni nani."

"Nithibitishe kwa kitu gani?"

"Kwa mkono." Akaona haya kidogo, akaongeza, "Usiuchukie mfumo. Kabla yake tulikuwa na wafanyakazi hewa arobaini na mmoja."

"Sasa mmempata wa arobaini na mbili. Ana watoto watatu."

Alikimbia hadi nyumbani kwa mpishi, vichochoro viwili nyuma ya soko. Alimkuta akimlisha mumewe uji. Aliposimuliwa kisa, mpishi alicheka mpaka machozi, akauinua mkono wake juani.

"Kumbe bado kijana!" Kisha akampangusa mumewe kidevu. "Mzee huyu husahau njia. Naye alipandikizwa chipu; mwezi jana alipotea, polisi wakausoma mkono wake, jua halijazama yuko mlangoni. Kwa hilo siitukani chipu. Lakini yeye ilimrudisha kwake, wewe inakutoa kwako. Twende."

Mzee akaachwa kwa jirani. Magoti ya mpishi yaliwachelewesha kwenye kila mtaro. Saa sita kasoro dakika nane, mpishi akaingia kizimbani, akagusa. Kijani. KARIBU KAZINI. Vyuma vikamsukuma ndani.

Kazi ya Mama Povu ikapona. Mama Povu akabaki nje.

"Nani atafua sasa?" mpishi alipiga kelele kutoka ndani. "Magoti haya hayainami hata kuokota kijiko!"

Dirishani, ofisa alitazama skrini yake. Mahudhurio yalikuwa yametimia. Akamwinulia Mama Povu kidole gumba, kwa moyo mweupe kabisa.

Wakati huohuo toroli la mashuka likavuka barabara kutoka kliniki ya upande wa pili, likielekea lango la mizigo, ubavuni mwa lile la wafanyakazi. Lango hilo halijui mikono wala majina. Linajua kilo. Msukuma toroli akamtazama Mama Povu. Mama Povu akamtazama msukuma toroli. Mlinzi akapata hamu ya ghafla ya kuchunguza mawingu.

Mama Povu alijilaza chini kabisa ya toroli, kwenye unyevunyevu usiofaa kuulizwa, msukuma akamfunika kwa mashuka. Juu ya mzani, toroli likapiga chafya.

"Mashuka yenu yana mafua," alisema mlinzi.

"Yametoka wodi ya kifua, mkuu."

Mlinzi akafungua daftari, akaandika kwa mwandiko mzuri wa mtu asiye na kazi nyingi: Mashuka machafu, kilo mia moja na sita. Lango likafunguka.