Sharti la Miaka Miwili

Mashine yangu ya chapa haikuwa na herufi za Kigiriki, na Mwalimu Dunstan hakuweza kuandika mistari miwili bila kuzitumia. Kwa hiyo kila nilipofika kwenye kidudu cha aina hiyo niligonga nafasi tupu na kuendelea, naye jioni alipita na kalamu nyeusi kujaza. Tulifanya hivyo mwaka mzima wa 1995, baada ya saa za kazi, katika ofisi ya sekondari moja pale Mbinga mjini. Nasema bila aibu kwamba nilichoka.

Jina langu la ubatizo ni Ottilia, ila hakuna aliyeniita hivyo tangu binti yangu Luisa azaliwe. Ni Mmatengo wa Mkumbi, nina kahawa yangu na maharage yangu, na shule haikuniajiri ili nipige chapa matundu. Lakini kijana alikuwa na adabu. Aliniamkia "Shikamoo, Mama Luisa" kabla ya kutaja shida yake, tena ndiye aliyemfundisha huyo Luisa hesabu mpaka akaacha kulia kila akisikia neno mtihani. Mtu wa hivyo humkatalii.

Alikuwa akitafuta shahada ya pili. Miaka hiyo biashara ya kahawa ilikuwa imefunguliwa, wanunuzi binafsi wakapanda Mbinga na magari yao, na bei ambayo zamani tulitangaziwa mara moja kwa msimu ikawa inageuka kati ya Jumatatu na Ijumaa. Waliokuwa wameing'oa mibuni yao kwa hasira wakaanza kupanda upya. Mwalimu Dunstan, mtoto wa wavuvi wa Mbamba Bay, alikaa akatutazama tunavyopanda na kung'oa, akaona hapo pana mlinganyo. Alinieleza kwamba kasi ya kahawa kuongezeka leo haifuati bei ya leo, inafuata bei ya siku ile watu walipopanda. Mlinganyo unaotazama nyuma namna hiyo una ucheleweshaji ndani yake. Kazi yake ilikuwa kuthibitisha kwamba una jibu.

Nikamwuliza jibu lenyewe ni ngapi. Akasema hajui, yeye halitafuti, anathibitisha tu kwamba lipo. Nilicheka mpaka nikaharibu karatasi ya kaboni. Akanivumilia, akasema mtu anayetafuta kitu kisichokuwepo atazeeka njiani, kwa hiyo lazima mmoja atangulie kuhakikisha kipo. Hapo nikaacha kucheka, nikaweka kaboni nyingine, maana mume wangu wa kwanza nilimtafuta Songea miezi minne, kumbe alishahamia Malawi.

Uthibitisho ulikwenda hatua kwa hatua. Ukiyajua ya miaka iliyopita, unaweza kujenga kipande cha mbele chenye urefu wa ule ucheleweshaji, kwa sababu kila unachohitaji kiko nyuma tayari. Kipande hicho kikiisha kinakuwa cha nyuma, unajenga kingine juu yake, unaendelea hivyo hadi utakapo. Hilo nililielewa siku ileile, kwani ndivyo tunavyolima mashimo yetu ya ngoro. Majani ya msimu uliopita unayafukia kwenye kingo za mashimo, yanalisha mazao ya msimu huu, na mabaki ya msimu huu yanalisha ya mwakani.

Barua ya mtahini ilifika tarehe tatu Juni mwaka 1996, baada ya kukaa njiani wiki tano kwa ubovu wa barabara. Ilikuwa mara ya tatu kazi kurudishwa. Mtahini aliandika kwamba ucheleweshaji katika mlinganyo huu unafupishwa na matunzo ya shamba, na mwandishi hakuweka chochote cha kuuzuia usifupike mpaka ukatoweka. Ukielekea kutoweka, hatua nazo zitafupika na kuzidi kufupika, na mtu anaweza kupiga hatua maisha yake yote asiuvuke mwaka mmoja. Marekebisho yafike kabla ya tarehe thelathini, la sivyo jina lake litafutwa chuoni. Alikuwa ameihangaikia shahada hiyo miaka sita.

Kwa karibu wiki mbili alijifungia na vitabu vya kuazima, akitafuta nadharia nzito zaidi ya kuliziba tundu hilo. Aliniletea kurasa, kesho yake akazichukua tena. Ijumaa moja alikuja mikono mitupu, akasema nisiendelee, anakwenda kumsaidia kaka yake na mitumbwi. Alisema kwa upole kabisa. Niliumia kuliko nilivyotegemea, na mimi nikiumia huwa mkali. Nikamtaka anieleze huo ucheleweshaji ni kitu gani hasa, aache kidudu chake cha Kigiriki.

"Ni muda tangu mtu apande mbuni mpaka achume," akasema. "Akiutunza vizuri, muda unapungua."

"Unapungua mpaka wapi?"

"Kwa nilivyoandika, hata kukaribia sifuri."

Miaka sita mtu anapita katikati ya kahawa kwenda darasani. Nilimwambia kesho Jumamosi afike Mkumbi asubuhi, na aje na viatu vya shamba.

Alikuja na viatu vya darasani. Nikampeleka kwenye mbuni ninaoupenda kuliko yote, ule ulio karibu na jiko.

"Huu niliupanda Novemba ya mwaka juzi," nikamwambia. "Nimeupa samadi, nimeutandazia majani, kiangazi nimeubebea maji kichwani. Nionyeshe tunda."

Akainama, akapekua tawi moja baada ya jingine. Yalikuwa majani tu, mazuri, yanang'aa.

"Kahawa haizai kabla ya miaka miwili, Mwalimu, hata ukiinywesha maziwa. Huko kwenu unatupa wavu asubuhi, mchana unakula usipa. Ndiyo maana hukuuliza."

Akaliachia tawi. Kisha akakiri kwamba aliandika kwa ujumla namna ile ili kazi ionekane kubwa.

"Haushuki chini ya miaka miwili," akasema polepole. "Basi kila hatua ninaweza kuipa miaka miwili kamili. Hazitafupika. Nitafika popote."

Akaketi papo hapo ukingoni mwa ngoro, juu ya maharage yangu, akaanza kuandika nyuma ya barua ya mtahini. Nilimwacha. Maharage yangeota mengine.

Uthibitisho mpya ulikuwa nusu ukurasa. Niliupiga chapa Jumatatu, na Jumanne bahasha ikapanda basi la Songea. Julai ikapita, Agosti ikapita, tukachuma, tukaanika, na mimi nikagombana na kila mtu. Katikati ya Septemba akaingia ofisini bila hata kuniamkia, akaiweka barua juu ya mashine. Kazi ilikuwa imekubaliwa, walitaka nakala mbili safi. Alilia, nami nikalia. Mkuu wa shule alichungulia mlangoni akadhani tumefiwa.

Nilianza zile nakala wiki hiyohiyo. Nilipofika ukurasa wa kumi na nne, penye ile miaka miwili, nilikuta sasa amelipatia sharti hilo jina, maana mambo ya namna hiyo katika hesabu hupewa majina. Lilikuwa limeandikwa kwa mkono wake, wazi kabisa. Nilitazama muda. Halafu nikagonga nafasi saba tupu, nikaendelea na mstari.

Jioni akaja na kalamu nyeusi. Akajaza vidudu vyake mpaka pale, akasimama, akaifunika kalamu na kunirudishia karatasi.

"Mama Luisa, hapa hapana Kigiriki," akasema. "Herufi zote hizi mashine yako inazo."

Nikairudisha karatasi kwenye mashine, nikalinganisha mstari, nikalipiga jina langu kwa kidole kimoja, herufi moja moja.